Tunakatwa bima kila mshahara, sasa hospitali inatudai dola 38,900

Shangazi shikamoo,

Naandika kutoka Houston, Texas. Mimi na mume wangu tulikuja huku kwa bahati nasibu ya grinikadi, tuna watoto wawili, yeye yuko ghala anapakia mizigo mimi natunza wazee, yaani sote tunabeba boksi na hatuna shida na hilo kazi ni kazi. Shida yangu ni bima ya afya shangazi, hii bima ya huku inaninyima usingizi kuliko hata kodi ya nyumba.

Kazini kwa mume wangu wanamkata dola 340 kila wiki mbili kwa ajili ya bima ya sisi wanne. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima hiyo ni dola 8,840, na sote wawili kwa pamoja kabla ya kodi tunaingiza kama 58,000. Unajipa moyo unasema sawa nakatwa lakini siku nikiumwa natibiwa. Kumbe hapana! Kuna hiyo didaktibo, ya kwetu ni dola 4,000 kwa mtu, maana yake bima inakaa pembeni inakuangalia mpaka utoe elfu nne zako mfukoni ndio na yenyewe ianze kuchangia, tena inachangia asilimia sio yote. Kwahiyo miaka yote hii tumekatwa na hatujawahi kuitumia, mtoto akipata homa nampa dawa ya dukani namkanda na maji basi.

Mwezi wa tano mwaka huu mume wangu kaamka usiku tumbo linamkata vibaya. Kaniambia tusubiri kuche, na mimi nikajua kabisa huyu anawaza bili, tukakaa hivyo mpaka kaanza kutapika na kutetemeka ndio nikapiga 911 kwa nguvu zangu yeye anakataa. Kidole tumbo, na kilikuwa kimeanza kupasuka. Wakamfanyia operesheni usiku ule ule, kalala siku mbili, katoka mzima namshukuru Mungu sana.

Alafu karatasi zikaanza. Hospitali dola 38,900. Daktari aliyempasua ana bili yake peke yake, 4,600. Mtu wa nusu kaputi kampuni yao imeleta 2,150 wanasema wao hawako kwenye netiweki ya bima yetu, yaani hawana mkataba nayo, sasa mtu yuko mezani anapasuliwa ataulizaje huyu anayenilaza usingizi yuko netiweki gani? Ambulansi 1,870. Na mwezi wa saba bima wakaleta barua kwamba sehemu ya hospitali wameikataa, kwasababu kulazwa hakukuwa na ulazima wa kitabibu, eti angeweza kuangaliwa bila kulazwa rasmi. Mtu kidole tumbo kinapasuka shangazi! Nikipiga hospitali wanasema ongea na bima, nikipiga bima wanasema ongea na hospitali, na anayeongea sio mimi ni binti yetu wa miaka 12 maana Kiingereza cha kwenye simu kinanipita, nikimuangalia mtoto anataja madeni ya baba yake kwa mtu asiyemjua roho inaniuma.

Kwenye grupu letu la Watanzania kila mtu ana lake. Mmoja anasema lipa kwa kredit kadi uondokane nao, mwingine anasema usilipe kabisa baada ya miaka saba linafutika. Nyumbani nako ukisema huna hela hawakuamini, unaambiwa uko Marekani bwana.

Kinachonitisha zaidi ni mume wangu mwenyewe. Pale hospitali walimwambia presha yake iko juu sana amuone daktari, hataki. Anasema bima tunaifuta, zile 8,840 tunaziweka pembeni, akiumwa anapanda ndege anaenda kutibiwa Dar. Nashindwa kumjibu kwasababu kwa hesabu anaonekana ana pointi.

Tufute bima? Tulipe hizi hela? Na kwanini inakuwa hivi nchi yenye pesa zote hizi?

Mama wawili, Houston

*

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole kwa mgonjwa na pole kwa hizo karatasi maana najua zinavyomchosha mtu. Mimi nilikaa miaka mingi kwenye ofisi ya bili ya hospitali huku huku Marekani, kwahiyo nitakujibu kwa niliyoyaona kutokea upande wa pili wa hiyo simu.

Usilipe hiyo 38,900. Sisemi uikimbie, nasema usilipe sasa hivi, na kredit kadi ndio kabisa usiiguse. Ukishalipa kwa kadi hilo sio deni la hospitali tena, ni deni la benki lenye riba, na ulinzi wote nitakaokueleza hapa chini unakuwa umeutupa mwenyewe. Na huyo wa miaka saba naye msimsikilize, hospitali inaweza kuuza deni kwa wakusanya madeni au kukushtaki muda mrefu kabla ya hapo.

Hiyo 38,900 ni bei ya kwenye orodha ya hospitali, na karibu hakuna kampuni ya bima inayolipa bei hiyo. Bima na hospitali wana mkataba wao wenye bei za chini zaidi, na wewe deni lako linatakiwa lihesabiwe kutoka kwenye bei ya mkataba. Ndio maana kila bili ilale pembeni ya ile karatasi ya bima inayoitwa EOB, inayoeleza bima imelipa nini na wewe umebakiza nini, ile iliyoandikwa kabisa kwamba sio bili, uangalie mstari unaoonyesha mgonjwa anadaiwa ngapi. Kama hospitali wanadai zaidi ya mstari huo, wapigie uwaulize kwanini. Waambie pia wakupe bili ya kipengele kwa kipengele, kila dawa, kila kipimo, kila kitu na bei yake. Nimeona vitu vilivyoandikwa mara mbili vinaondolewa kwasababu tu mgonjwa aliomba hiyo karatasi.

Sasa ile barua ya kukataa, hapo ndipo nataka utumie nguvu zako zote. Kukataliwa mara ya kwanza sio mwisho wa habari. Una siku 180 tangu upokee barua kukata rufaa kwa bima yenyewe, kwahiyo kama ilikuja mwezi wa saba una mpaka Januari, ila usingoje huko. Mtafute daktari aliyempasua umuombe aandike barua fupi inayosema mgonjwa aliingia na dalili gani, kipimo kilionyesha nini, kidole tumbo kilikuwa kimeanza kupasuka na kwanini ilibidi abaki hospitali. Madaktari wengi wanaandika, wamezoea na wengi wao wana hasira na hizi bima kuliko hata wewe. Omba hospitali nakala ya faili lake, na bima waombe wakupe bure kila karatasi waliyotumia kufanya uamuzi pamoja na hicho kigezo kinachosema hakukuwa na ulazima, ni haki yako kukiona. Funga vyote pamoja, tuma kwa njia ambayo utapata risiti, ubaki na kopi.

Wakikataa tena, kuna hatua ya pili ya watu wa nje wasiolipwa mshahara na bima, unaiomba ndani ya miezi minne tangu jibu lao la mwisho, na wale wa nje wakisema bima ilipe bima inalipa. Haki hii ilikuja na sheria ya afya ya mwaka 2010, ile watu wanaiita Obamacare, na inamgusa hata mtu mwenye bima ya kazini.

Nakusisitizia hili kwasababu ya namba moja. KFF, taasisi ya utafiti wa mambo ya afya, walichambua bima zinazouzwa kwenye HealthCare.gov, lile soko la bima la serikali la mtandaoni, kwa mwaka 2023, wakakuta karibu dai moja kati ya matano ya ndani ya netiweki lilikataliwa, na waliokata rufaa hawakufika hata asilimia 1. Asilimia moja mwanangu! Na kwa hao wachache waliokata, bima zilisimamia uamuzi wake kwenye asilimia 56 tu, zilizobaki zikageuka. Ya kwenu ni ya kazini sio ya HealthCare.gov lakini tabia ndio hiyo hiyo, watu wanapokea barua yenye maneno magumu wanadhani ni hukumu ya mahakama wanaanza kutafuta hela.

Kingine ambacho wengi hawaambiwi: kama hospitali iko kwenye netiweki yenu, mikataba mingi inaikataza kumgeuzia mgonjwa deni pale bima inapokataa kwa sababu ya namna alivyolazwa. Huo ni ugomvi wao wawili. Waulize hospitali kwa maandishi, je mkataba wenu na bima yangu unawaruhusu kunidai hii? Ukiuliza hivyo faili linahamia kwa mtu mwingine mkubwa zaidi.

Huyo wa nusu kaputi ni rahisi. Tangu tarehe 1 Januari 2022 kuna sheria ya shirikisho inayozuia bili za kushtukiza, ukienda emajensi, au ukitibiwa kwenye hospitali ya netiweki na mtu wa nje ya netiweki ambaye hukumchagua, unalipa kama vile naye yuko ndani ya netiweki, basi. Waandikie mkiitaja No Surprises Act kwa jina, wao na bima, na bima irudie hesabu. Ambulansi ndio imeniumiza kichwa, kwasababu sheria hiyo ilizigusa za ndege ikaacha za barabarani, na hata pale jimbo lilipotunga sheria yake mara nyingi haimfikii mtu ambaye mwajiri wake ndiye anayelipa matibabu kutoka mfuko wake. Hapo omba punguzo na kulipa kidogo kidogo bila riba, kampuni nyingi zinakubali.

Alafu kuna mlango ambao sijui kwanini hospitali hazioni haya kuuficha. Kama hospitali hiyo ni ya kutokutafuta faida, na huku nyingi ziko hivyo ndio maana hazilipi kodi, sheria inailazimisha iwe na mpango wa maandishi wa kuwasaidia wasio na uwezo. Una siku 240 tangu bili ya kwanza kujaza fomu, na kwa siku 120 za mwanzo hawaruhusiwi kukushtaki wala kukupeleka kwenye ripoti ya mkopo, ile rekodi mabenki wanayoangalia kabla ya kukukopesha. Kuwa na bima hakukuzuii kuomba. Kiwango kila hospitali inaweka chake, lakini nyingi zinasamehe zote au sehemu kubwa kwa familia iliyo chini ya mara mbili ya mstari wa umaskini, na mstari huo wa serikali kwa watu wanne mwaka 2025 ulikuwa dola 32,150. Mara mbili yake ni 64,300. Nyinyi mna 58,000. Jaza hiyo fomu wiki hii, usisubiri rufaa iishe, vitu viwili vinaenda pamoja.

Na mtoto mtoe kwenye simu. Hospitali inayopokea hela ya serikali inatakiwa kukupa mkalimani bure, sema tu Swahili interpreter please halafu usubiri, wanaunganisha mtu kwenye laini. Bima nyingi pia wanae. Binti wa miaka 12 asibebe hili.

Umeniuliza kwanini. Nimeliwaza swali hilo miaka yote niliyokuwa kwenye ile ofisi, na jibu langu ni kwamba ukiwaweka mezani wote wanaogusa hiyo hela, hakuna hata mmoja anayepata hasara bei ikipanda isipokuwa wewe. Hospitali inalipwa kwa kila kitu inachofanya, kikiwa kingi ni hela nyingi, kwahiyo hakuna wa kuiambia punguza. Bima, sheria ile ile ya 2010 inataka angalau asilimia 85 ya makato ya makampuni makubwa iende kwenye matibabu, 80 kwa wadogo na wanaojinunulia. Ilikuwa nia nzuri, ila fikiria, ukiruhusiwa kubaki na senti 15 kwenye kila dola, utapata nyingi zaidi dola zikiwa nyingi, kwahiyo kupigania bei ishuke moja kwa moja hakukulipi sana. Kinacholipa haraka ni kuchelewesha na kukataa, kwasababu watu 99 kati ya 100 watanyamaza. Na kampuni kubwa zikiwa zinalipia wafanyakazi wake zenyewe, bima anakuwa karani tu anayelipwa ada, hela inayookolewa au kupotea ni ya mwajiri. Muulizeni HR, ile ofisi ya wafanyakazi kazini kwa mumeo, mpango wenu ni wa aina ipi, maana ukiwa wa mwajiri mwenyewe HR wanaweza kusukuma rufaa yenu, na malalamiko yanaenda Wizara ya Kazi ya Marekani badala ya jimbo.

Na kwanini bima iko kazini? Wakati wa vita kuu ya pili serikali ilizuia kupandisha mishahara mwaka 1942, waajiri wakaanza kuwavuta watu kwa kuwapa bima, na mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba hela hiyo haikatwi kodi, ikabaki hivyo mpaka leo. Matokeo yake mfanyakazi haoni bei kamili. KFF wanasema mwaka 2024 bima ya familia ya kazini kwa wastani ilikuwa dola 25,572, mfanyakazi akikatwa 6,296 na nyingine akitoa mwajiri. Hizo anazotoa mwajiri nazo ni jasho la mumeo, zingeweza kuwa mshahara. Kwahiyo akisema anaibiwa usimwambie anakosea, mimi mwenyewe naona hivyo, na ninyi mnakatwa kuliko wastani kwa watu wa kipato cha chini. Naliona jambo la aibu kabisa kwa nchi hii.

Ila kufuta bima hapana. Kodi ya adhabu ya shirikisho kwa asiye na bima imekuwa sifuri tangu 2019 kwahiyo hakuna wa kukutoza, lakini kidole tumbo hakisubiri tiketi ya ndege. Angekuwa hana bima ile Mei, asingekuwa na kikomo. Mwenye bima anacho, kwa mwaka 2025 kwa matibabu yanayolipiwa ndani ya netiweki hawakuruhusiwa kumtoza mtu mmoja zaidi ya dola 9,200, familia 18,400, na mpango wenu unaweza kuwa chini ya hapo. Na sikiliza hapa vizuri, bima ikishakubali ile operesheni mume wako atakuwa ameshamaliza didaktibo yake ya mwaka. Mpaka tarehe 31 Desemba ndio wakati pekee ambao bima inamlipia kweli, Januari inaanza sifuri tena kama mpango wenu unafuata kalenda. Aende akapime hiyo presha SASA. Kupimwa presha kwenye ile ziara ya mwaka ya kinga ni bure kisheria hata bila didaktibo, na vidonge vya kawaida vya presha visivyo na jina la kampuni vinauzwa dola chache kwa mwezi hata ukilipa kesh. Mwambie shangazi amesema kiharusi ni ghali kuliko kidole tumbo, na kinaanza kwa mtu anayesema niko sawa.

Cha kubadilisha ni nani anakaa kwenye bima ipi. Kwa mwaka 2026 bima ya kazini ikiila familia zaidi ya asilimia 9.96 ya kipato, mke na watoto wanahesabiwa hawana bima nafuu, wanaruhusiwa kwenda soko la bima na kupata ruzuku. Ninyi iko kwenye asilimia 15. Kwahiyo mume anaweza kubaki peke yake kwenye ya kazini, ambayo ya mtu mmoja mara nyingi ni rahisi sana, wewe ukaingia HealthCare.gov, na watoto waulizieni CHIP ya Texas, ile bima ya serikali ya watoto wa kipato cha chini, kipato chenu kiko kwenye kiwango cha kuuliza. Soko linafunguliwa tarehe 1 Novemba, na ukitaka ianze tarehe 1 Januari jiandikishe kabla ya 15 Desemba. Ile nyongeza ya ruzuku iliyoanza 2021 iliisha mwisho wa 2025, kwahiyo bei ziko juu kuliko mlivyosikia kwa wenzenu, lakini kwa kipato chenu ruzuku ya msingi ipo. Watu wa kukusaidia kujiandikisha wanapatikana bure kwenye tovuti hiyo hiyo, usimlipe mtu.

Anza na fomu ya hospitali na barua ya daktari. Bima wakijibu, na wakikataa mara ya pili, niandikie nione ulivyoandikiwa, maana kuanzia siku hiyo miezi minne inahesabika na hiyo barua ya kwenda kwa watu wa nje tutaipanga pamoja.

Shangazi